Je, Wajua? Honi, Draiva na Sauti Inayovuka Maji

Mjini Kigoma, mwisho wa reli, masikio hayakosi kazi. Garimoshi likikaribia stesheni hupiga honi. Meli ikiondoka bandarini nayo hupiga honi. Adhana ya Ujiji hutoka kwenye honi zilizofungwa juu ya minara, na gari la matangazo hupita Mwanga likiwa na honi zake juu ya paa. Vyombo hivi vyote vinafuata kanuni moja: kuna kitu kidogo kinachotetemeka, na mbele yake kuna bomba linaloanza na tundu jembamba kisha likapanuka.

Kwenye spika, tundu jembamba huitwa koo na upande mpana huitwa mdomo. Kinachotetemeka nyuma ya koo ni draiva ya mbano, ambayo mafundi wengi huiita yuniti. Watu wanaojitengenezea spika nyumbani aghalabu hupata draiva huku na honi kule, wakazifunga pamoja, halafu wakabaki kujiuliza kwa nini mwimbaji wao mpendwa sasa anaimbia puani. Haya hapa ni mambo machache kuhusu viungo hivyo viwili na namna ya kuvipatanisha.

Je, wajua kuwa spika ya sebuleni hupoteza karibu umeme wote unaoipa?

Spika ya kawaida hugeuza takriban asilimia 1 ya umeme kuwa sauti, na nyingi hazifiki hata hapo. Unaobaki huishia kuwa joto ndani ya koili. Sababu yake ni wepesi wa hewa: utando wa spika ukisukuma, hewa hukwepa pembeni badala ya kuupokea msukumo. Honi huizuia hewa hiyo kooni isipate pa kukwepea, kisha huifungulia nafasi kidogo kidogo mpaka mdomoni. Draiva nzuri kwenye honi inayoifaa inaweza kugeuza robo ya umeme, na wakati mwingine zaidi, kuwa sauti. Mvuvi wa Kibirizi anayeviringa viganja mdomoni kumwita mwenzake aliye kwenye mtumbwi wa pili anaitumia fizikia hiyohiyo bila kulipia chochote.

Je, wajua kuwa honi zilifika Ujiji kwa miguu kabla ya reli?

Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliingia Ujiji Februari 1858 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani. Katika maandishi yake Burton alimweleza kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, pamoja na baragumu la pembe ya tandala. Baragumu hupulizwa ubavuni, kwenye tundu lililotobolewa karibu na ncha. Midomo ya mpulizaji ndiyo utando, pumzi yake ndiyo umeme, na pembe ndiyo honi. Hata hapo upatanifu ni lazima. Midomo isipotetemeka kwa kasi ambayo urefu wa pembe unaikubali, hutoka upepo mtupu.

Je, wajua kuwa siwa na spika zinataka mambo yanayopingana?

Siwa za pwani, yaani mabaragumu ya sherehe, ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, hutoa noti chache tu. Huko Bunyoro na Buganda, makondere ya vibuyu hupigwa kwa kundi kwa sababu kila moja lina noti yake. Honi ya ala ya muziki hurudisha sehemu ya sauti kutoka mdomoni kwenda kooni, na mrudio huo ndio unaojenga noti. Honi ya spika haitakiwi kuwa na noti yake hata moja. Ikirudisha sauti nyuma, masafa fulani hupanda na mengine hushuka, na kila wimbo utakaoupiga utapakwa rangi ileile. Ndiyo maana honi nzuri za nyumbani huwa na kingo zilizopindwa nje taratibu: sauti inapoutoka mdomo isikute ukingo mkali wa kuirudisha.

Je, wajua kuwa ndani ya draiva kuna kizibo kinachoziba sehemu kubwa ya utando?

Ukifungua draiva ya kawaida ya inchi 1 utakuta utando wa kuba wenye koili ya kipenyo cha karibu milimita 44. Koo lake ni milimita 25. Utando ni mpana kuliko tundu la kutokea, na mbano huo ndio uliokipa chombo jina lake. Hewa inayosukumwa na utando mpana hulazimika kupita kwenye nafasi ambayo mara nyingi ni sehemu 1 kwa 8 au 1 kwa 10 ya eneo la utando.

Mbano peke yake ungeleta vurugu. Sauti ya katikati ya kuba ingefika kooni kabla ya sauti ya pembezoni, na kwenye masafa ya juu zingeuana. Kwa hiyo mbele ya utando, kwa umbali usiofika milimita moja, huwekwa kizibo chenye mifereji myembamba. Kila mfereji umepimwa ili sauti kutoka kila upande wa kuba ifike kooni kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mwanya ni mdogo kiasi hicho, punje ya mchanga wa ufukweni iliyopenya ndani inatosha kuufanya utando ukwaruze.

Je, wajua kuwa sinema ndiyo iliyoikuza draiva ya mbano?

Mwaka 1915 huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham waliunganisha koili inayotembea na honi ya gramafoni, wakakiita chombo chao Magnavox. Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikitumia San Diego kuhutubia umati uliokadiriwa kuwa watu 50,000. Kisha mwaka 1926 E. C. Wente na A. L. Thuras wa maabara ya Bell wakaleta draiva ya Western Electric 555, yenye utando mwepesi wa metali na kizibo cha kupatanisha sauti. Filamu za kwanza zenye sauti zilifika masikioni mwa watazamaji kupitia draiva hiyo na honi ndefu zilizokunjwa nyuma ya kiwambo.

Amplifaya za taa (valvu) za siku hizo zilitoa wati chache. Bila honi, ukumbi wa watu mia kadhaa usingesikia kitu. Draiva na honi zilibuniwa pamoja, na wahandisi wale wale walizipima pamoja. Desturi ya kununua kimoja bila kingine ilikuja baadaye sana.

Je, wajua kuwa wati 2 zinaweza kushindana na wati 200?

Kwa miaka mingi Kigoma iliwashwa kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, na vijiji vingi vya ufukweni bado huendesha muziki kwa sola na betri. Amplifaya ya aina rahisi kabisa, ikipewa betri ya volti 12 bila kifaa cha kupandisha volti, hutoa wati 2 na ushee kwenye spika ya omu 8. Ukiipa spika ya desibeli 87 kwa wati moja, utapata muziki wa kusikiliza ukiwa umekaa karibu. Ukiipa draiva na honi yenye desibeli 107, tofauti ni desibeli 20, yaani mara 100 kwa nguvu. Spika ile ya kwanza ingehitaji wati 200 kufikia kishindo hicho.

Hesabu hii ni ya sauti za kati na za juu tu. Besi ina deni lake, na deni hilo hulipwa kwa ukubwa.

Je, wajua kuwa mdomo wa honi hupangiwa ukubwa na sauti nene kuliko zote itakazotoa?

Kwenye joto la kawaida la Kigoma sauti husafiri hewani takriban mita 345 kwa sekunde. Sauti ya 500 Hz ina wimbi la sentimita 69. Kanuni ya zamani ya wajenzi inasema mzingo wa mdomo usipungue urefu wa wimbi la sauti nene kuliko zote unayoitaka. Kwa 500 Hz hilo ni duara la kipenyo cha sentimita 22, saizi ya sahani ya wali. Kwa 250 Hz ni sentimita 44. Kwa 50 Hz ni mita 2.2, na hapo utalazimika kuchagua kati ya honi na mlango wa chumba.

Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, aliukwepa mtego huo kwa kuikunja honi ya besi ndani ya kabati na kuliegemeza kabati kwenye kona ya nyumba, ili kuta mbili na sakafu ziendeleze mdomo. Alifungua kampuni yake mwaka 1946, na spika hiyo, iitwayo Klipschorn, bado inatengenezwa. Muundo wake wa asili una sharti moja gumu: kona ziwe wazi, bila dirisha wala mlango karibu. Sebule zetu nyingi hazina kona mbili za namna hiyo.

Je, wajua kuwa meli nazo hupangiwa honi kwa urefu wake?

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini hutaka meli ya mita 200 au zaidi ipige honi ya kati ya 70 na 200 Hz. Ya mita 75 hadi 200 hupewa 130 hadi 350 Hz, na iliyo chini ya mita 75 hupewa 250 hadi 700 Hz. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ina urefu wa mita 71 hivi. Kwa kipimo hicho ingeangukia kundi la sauti nyembamba. Nahodha aliye gizani anapata habari mbili kwa mlio mmoja: kuna chombo, na chombo hicho ni kikubwa kiasi gani.

Honi nyingi za meli zinazotumia hewa iliyoshindiliwa zina sahani ya metali inayotetemeka mwanzoni mwa bomba. Ni draiva ya mbano isiyo na umeme.

Je, wajua kwa nini honi ya msikitini huharibu muziki lakini hubeba adhana vizuri?

Msikiti wa Sultan wa Singapore ulianza kutumia vipaza sauti kwa adhana mwaka 1936. Leo katika Afrika Mashariki honi za kijivu za kampuni za Ahuja ya India na TOA ya Japani zimekuwa sehemu ya minara. Ndani yake bomba limekunjwa: sauti huenda mbele, ikarudi nyuma, kisha ikatoka mbele tena, na hivyo honi ndefu ikaenea kwenye chombo kifupi kinachostahimili mvua. Utando wake mara nyingi ni wa kitambaa kilichogandishwa kwa fenoli. Hauvunjiki upesi, lakini hauna wepesi wa kufuata sauti za juu kabisa.

Matokeo yake ni chombo kinachofanya kazi vizuri kati ya mia kadhaa na elfu chache za hezi. Simu za zamani zilipitisha 300 hadi 3,400 Hz tu na watu wakaelewana. Maneno ya muadhini yamo humo. Gitaa la besi na manyanga hayamo. Anayeing'oa yuniti hiyo na kuipeleka sebuleni ili apigie rumba kutoka ng'ambo ya ziwa anaidai kazi ambayo haikuumbiwa.

Je, wajua kuwa gramafoni ilikuwa spika ya honi isiyo na waya?

Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV. Wakati huo maikrofoni ilikuwa imekwisha kuingia studio, lakini majumbani gramafoni nyingi bado zilikuwa za kuzungusha kwa mkono. Sindano ilitikisa utando mdogo, utando ukasukuma hewa kooni, na honi ikafanya yaliyobaki. Nchini Uingereza mafundi wa kampuni ya EMG walitengeneza honi kubwa za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, zenye midomo ya zaidi ya sentimita 70, na wapenzi wa santuri wanazitafuta mpaka leo. Karatasi iliweza kwa sababu kazi ya ukuta wa honi ni kutulia. Umbo ndilo linaloamua. Mninga, mvule, plaiwudi, saruji au plastiki nene, chochote kisichotetemeka ovyo kinafaa, na honi nyembamba ya bati huponywa kwa kupakwa nje lami au rangi nzito.

Je, wajua kuwa inchi 1 si lazima ikutane na inchi 1?

Draiva za koo la inchi 1 hufungwa kwa njia tatu kuu. Kuna za skrubu, zenye uzi wa kipenyo cha inchi 1 na 3/8. Kuna za boliti mbili zilizoachana milimita 76, na za boliti tatu kwenye duara la milimita 57. Zile za inchi 1.4 na inchi 2 kwa kawaida huwa na boliti nne kwenye duara la milimita 102. Boliti zikikubaliana, watu wengi huhesabu kazi imekwisha.

Bado. Sauti ya 15,000 Hz ina wimbi la milimita 23, fupi kuliko upana wa koo lenyewe. Pakiwa na ngazi ndogo mahali draiva inapokutana na honi, iwe gasketi iliyochomoza ndani, shimo la milimita 27 mbele ya koo la 25 au gundi iliyovuja, sauti za juu zitaigonga na kutawanyika. Tena honi haianzii pale unapoiona. Ndani ya draiva, baada ya kizibo, njia tayari inapanuka kwa pembe fulani. Honi ikianza kwa pembe tofauti sana na hiyo, sauti hukuta kunjo. Kipande cha kuunganisha draiva ya inchi 1 na honi ya inchi 2 huongeza kunjo jingine, na ndiyo maana suluhisho hilo la haraka huwaudhi wenye masikio makini.

Je, wajua kuwa draiva nyingi huanza kupungua nguvu kabla ya 4,000 Hz?

Utando una uzito hata ukiwa wa titani. Kwa draiva nyingi, kuanzia karibu 3,000 hadi 4,000 Hz nguvu ya sauti huanguka hadi robo kila masafa yanapoongezeka maradufu. Kwa miongo mingi wasikilizaji wachache waligundua, kwa sababu honi za kale zilizopanuka kwa kanuni ya kieksponensha, yaani eneo likiongezeka kwa uwiano uleule kila hatua, zina tabia ya kuufinya mkondo wa sauti kadiri masafa yanavyopanda. Wavuvi wa dagaa wanaijua hila hiyo kwa macho: karabai ikiwekewa bati la kuakisi, mwanga huwa mkali pale unapoelekea, ingawa mafuta yanayoungua ni yaleyale. Aliyekaa mbele ya honi husikia sauti za juu zimekamilika, na aliyekaa pembeni hukosa manyanga na ncha za maneno.

Mwaka 1975 Don Keele, akiwa na kampuni ya Electro-Voice, aliandika makala iliyouliza kuna utakatifu gani katika honi za kieksponensha. Honi alizozileta husambaza masafa yote kwa upana unaokaribiana. Pembeni sauti ikawa safi, lakini udhaifu wa draiva ukawa wazi mbele ya kila mtu. Kwa hiyo honi za namna hiyo hudai krosova (kigawanyi cha masafa kati ya spika) au programu inayopandisha sauti za juu kwa kipimo kilekile zinachoanguka. Draiva ileile, ukiibadilishia honi, inahitaji krosova nyingine.

Je, wajua kuwa bufa na honi hukubaliana mahali pamoja tu?

Bufa, yaani spika kubwa ya besi, la inchi 15 husambaza besi kila upande, lakini kadiri masafa yanavyopanda nalo hujifinya. Karibu na 1,000 Hz mkondo wake huwa na upana wa digrii 90 hivi. Bufa la inchi 12 hufika hapo karibu na 1,300 Hz. Ukiwa na honi ya digrii 90, hapo ndipo mahali pazuri pa kukabidhiana kazi, kwa sababu upana wa sauti hauruki ghafla. Sauti ya mwimbaji hubaki na umbo lilelile kwa aliyekaa kwenye kochi na kwa aliyesimama mlangoni.

Lakini honi haiwezi kushika digrii 90 chini ya kikomo kinachopangwa na upana wake. Honi ya upana wa sentimita 30 hushika hadi karibu 940 Hz, ya sentimita 40 hadi karibu 700. Honi ndogo ya sentimita 15 hupoteza mamlaka chini ya 1,900 Hz, nayo ikiwekwa juu ya bufa la inchi 15, katikati kunabaki pengo ambalo hakuna kitufe cha amplifaya kinachoweza kuliziba.

Je, wajua kuwa sentimita 17 zinaweza kumeza sauti?

Honi ina kina, na draiva yake hukaa nyuma kabisa. Kwenye 1,000 Hz nusu ya wimbi ni sentimita 17 hivi. Utando wa draiva ukiwa nyuma ya utando wa bufa kwa umbali huo, viwili hivyo hupingana pale pale vinapokabidhiana: kimoja kinasukuma, kingine kinavuta. Jaribio la bei nafuu ni kugeuza nyaya za draiva, chanya kwa hasi, na kusikiliza sauti ya mtu anayezungumza. Upande unaoifanya sauti ijae katikati ndio sahihi. Programu za bure za kupima sauti kwenye simu huonyesha shimo hilo kwa macho.

Je, wajua kuwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kinachookoa draiva?

Chini ya masafa ambayo honi inaweza kuyabeba, mzigo wa hewa hutoweka na utando hubaki unarukaruka bila cha kuuzuia. Draiva ya titani huweza kupasuka kwa muda mfupi wa besi kali. Kapasita moja iliyofungwa kwa mfululizo huipunguza besi kabla haijafika. Kwa draiva ya omu 8, mikrofaradi 20 huanza kukata karibu na 1,000 Hz, na mikrofaradi 10 karibu na 2,000 Hz. Hata mwenye krosova ya kidijitali na amplifaya tofauti kwa kila spika hufanya vizuri kuweka kapasita kubwa zaidi ya ulinzi, kwa sababu kishindo cha kuwasha amplifaya hakipitii kwenye krosova.

Je, wajua kuwa sebuleni draiva hufanya kazi kwa sehemu ndogo ya wati?

Bufa la desibeli 95 likiungana na honi ya desibeli 107, honi lazima ipunguzwe desibeli 12, yaani draiva ipewe sehemu 1 kwa 16 ya nguvu linayoipata bufa. Bufa likitumia wati moja, sauti inayotosha kuwaamsha majirani, draiva inatumia sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya wati. Maandishi ya «wati 500» kwenye sumaku yanasema draiva itavumilia joto kiasi gani ukumbini. Hayasemi chochote kuhusu uzuri wa sauti sebuleni.

Je, wajua kuwa hewa ya Kigoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam?

Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ufukweni ni pungufu kwa karibu asilimia 8 hadi 9. Kasi ya sauti haibadiliki kwa hilo, kwa kuwa hufuata joto, basi vipimo vya honi iliyochorwa pwani hubaki sahihi. Kinachopungua ni uzito wa hewa inayosukumwa, kwa kiasi kidogo ambacho sikio halikioni.

Je, wajua kuwa honi iliwahi kusikiliza ziwa?

Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walipima kasi ya sauti ndani ya Ziwa Geneva. Kengele iligongwa chini ya maji huku baruti ikiwashwa kwa wakati huohuo. Zaidi ya kilomita 13 mbali, Colladon aliuona mwako, kisha akaisubiri sauti kwa sikio lililowekwa kwenye bomba refu ambalo mdomo wake mpana ulikuwa umezamishwa. Alipata mita 1,435 kwa sekunde kwenye maji ya nyuzi 8. Honi ileile inayotoa sauti huweza kuipokea, na baadhi ya simu za mlangoni hutumia honi moja kuzungumza na kusikiliza.

Kwenye maji ya vuguvugu ya Tanganyika kasi hukaribia mita 1,500. Upana wa wastani wa ziwa ni kilomita 50, kwa hiyo sauti ndani ya maji ingevuka kuelekea Congo kwa nusu dakika na kidogo, na hewani kwa karibu dakika mbili na nusu. Hewa iliyogusa maji inapokuwa baridi kuliko iliyo juu yake, sauti hupindwa kurudi chini, na mlio uliopaswa kupotea angani hufika mbali.

Je, wajua kuwa draiva inapaswa kununuliwa mwisho?

Wengi huanza na draiva, kwa sababu ina sumaku kubwa na imepatikana kwa bei nzuri. Mambo yote yaliyotangulia yanaelekeza kinyume. Anza na chumba na kiti cha msikilizaji, ili ujue unahitaji upana gani wa sauti. Chumba kitachagua bufa. Kipenyo cha bufa kitataja masafa ya kukabidhiana, karibu 1,300 Hz kwa inchi 12 na 1,000 Hz kwa inchi 15. Masafa hayo yataamua upana wa honi, na honi itaamua koo na pembe ya kuingilia. Hapo ndipo utaingia dukani kuulizia draiva inayolingana na koo hilo na inayoweza kushuka hadi masafa hayo bila kulemewa: mara nyingi ya inchi 1 kwa bufa la inchi 12, na ya inchi 1.4 kwa bufa la inchi 15. Muuzaji akikuonyesha wati, mwombe akuonyeshe koo.